Siku Nilipoizima Ndafu ya Binti Yangu

Niliacha nyama muda mrefu kabla watu wa nyumbani kwangu hawajatambua. Mwanzoni nilikuwa nasukuma mnofu pembeni ya sahani na kula ugali kwa mchuzi. Baadaye hata mchuzi ukanishinda. Mke wangu alipouliza, nilimwambia daktari kasema nina jongo, nyama nyekundu nisiiguse. Aliamini. Yeye anauza vitenge vya jumla Kariakoo, na sokoni kila mwanamume wa umri wangu ana jongo, kwa hiyo alikuwa akirudi jioni na ushauri wa kila aina: maji ya ndimu, mbegu za maboga, samaki wa Feri badala ya ng'ombe. Tukawa watu wa samaki. Mtu wa Kilimanjaro asiyekula nyama ni kichekesho, na shemeji zangu walinitania kwenye kila kikao cha ukoo. Nilicheka nao.

Mimi ni zimamoto. Wakati huo nilikuwa kiongozi wa zamu katika kituo cha katikati ya mji, na vijana wangu walitegemea nitangulie mimi mlangoni. Hakuna aliyejua kwamba nikipita Buguruni, pale wanapochoma mishkaki, navuka barabara na kutembea upande wa pili. Wala mimi sikujua kwamba ule ni ugonjwa. Nilidhani ni uzee unanijia vibaya.

Binti yetu mkubwa alipochumbiwa na kijana wa watu wa Masasi, vikao vya sendofu, sherehe ya kumwaga binti, vilifanyika dukani kwa mke wangu, wajumbe wamekaa juu ya marobota. Ilipofika zamu ya kujadili ndafu nilijaribu kupinga. Ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, anasimamishwa kwenye sinia kama yu hai, na majani mabichi mdomoni. Kwetu hiyo ndiyo keki. Nikasema siku hizi watu wanakata keki ya kawaida na maisha yanaendelea. Kaka wa mke wangu alinitazama kana kwamba nimependekeza binti aage bila baba yake kuwepo.

"Shemeji," akasema, "Mchaga anamtoa mtoto bila ndafu? Hao wakwe watatuonaje?"

Jibu nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa mbele za watu. Nikakubali.

Ukumbi ulikuwa Gerezani, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya vipuri. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilipoingia, macho yangu yalifanya kazi yake ya siku zote: vitambaa vyepesi vimening'inizwa kutoka darini hadi sakafuni, mlango wa nyuma umezibwa na kreti za soda, mtungi wa kuzimia moto uko ukutani karibu na jiko. Nikaenda mwenyewe kusogeza zile kreti, nikiwa ndani ya suti ya kijivu niliyonunuliwa kwa siku ile. Mke wangu aliniona akatikisa kichwa, akitabasamu. Binti yetu alikuwa amekaa jukwaani na rafiki yake wa kumsindikiza, amependeza mpaka nikaona aibu kumkodolea macho. Aliponipungia mkono nilitaka kulia, kwa sababu zile za kawaida za baba yeyote.

Kisha wakaileta ndafu. Harufu iliingia kabla ya wapishi. Taa zikapunguzwa, muziki ukapandishwa, wapishi wakatokea mlangoni wakicheza na lile sinia mabegani, na mgongoni mwa mbuzi walikuwa wamechomeka fataki zinazotema cheche nyeupe. Moshi ukapanda hadi kwenye vitambaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Naambiwa vilikuwa vigelegele. Mimi nilisikia wanawake wanapiga mayowe.

Yaliyofuata nayajua zaidi kwa video kuliko kwa kumbukumbu. Kwenye video anaonekana mzee mwenye suti ya kijivu akipita juu ya meza, si pembeni yake, na glasi zinaanguka. Anapanda jukwaani, anamshika bibi harusi makwapani na kumburuta kinyumenyume hadi mlangoni, na gauni linachanika mgongoni kwenye zipu. Anamwacha hapo sakafuni. Anarudi, anauchomoa mtungi ukutani, anang'oa pini, na anapuliza unga kama tunavyofundisha, chini kwenye shina la moto, kushoto na kulia, bila haraka. Ndafu ikawa nyeupe. Wapishi wakawa weupe. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa meza ya mbele, akawa mweupe toka kilemba hadi miguuni. Na muda wote huo yule mzee anaamrisha: laleni chini, tambaeni, fuateni ukuta. Baadhi ya watu walilala kweli. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikitazama, wale shangazi wa bwana harusi waliovaa sare zao mpya, wanatambaa sakafuni kwa sababu mimi nimesema.

Muziki ulizimwa. MC, mtu ambaye riziki yake ni kutokosa maneno, alishika kipaza sauti akanyamaza. Kuna mtu alicheka akidhani ni sehemu ya ratiba. Mke wangu akanijia taratibu akautoa mtungi mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Hakuna moto," aliniambia. "Hapa hakuna moto."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amesimama pekupeku mlangoni, mkono mmoja umeshika gauni mgongoni lisidondoke, unga umemganda kwenye kope. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Niliteremka ngazi za nyuma, nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya duka la matairi. Basi la mwendokasi lilipita limejaa watu, na nilihisi kila aliyekuwa dirishani ananijua.

Jumapili, kabla ibada haijaisha, video ilikuwa imeshaenea kwenye magrupu. Waliipa jina: zimamoto azima sendofu ya mwanaye. Jumatatu wateja wa mke wangu walimwuliza huku wakichagua vitenge, na yeye akawajibu kwamba malaria ilinipanda kichwani. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya bei ya kitambaa, alisimama dukani kwake na kunidanganyia watu. Kituoni hakuna aliyecheka mbele yangu. Ila ule mtungi uliokuwa ukutani karibu na meza yangu niliukuta umehamishiwa stoo, na hadi leo sijui kama ulihamishwa kwa huruma au kwa mzaha. Sikuuliza.

Kisha wakwe wakatuma watu. Walikuja mshenga na wajomba wawili, watu wa upole sana. Wakasifu chai, wakasifu nyumba, wakauliza hali ya mvua huko Moshi. Mimi nilikuwa chumbani. Nilikuwa nimemwambia mke wangu aseme niko zamu, na nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikisikiliza. Mwishowe mshenga akauliza, kwa kuzunguka sana, kama katika ukoo wetu kuna jambo ambalo vijana wanapaswa kulijua kabla hawajazaa. Kaka wa mke wangu alijibu kwa sauti ya juu kwamba katika ukoo wetu hakuna kichaa. Koo lilikuwa linaniwasha. Nilibana pumzi nisikohoe. Mtu niliyezoea kuingia ndani ya moshi na kuita majina ya watu, nilijificha nyumbani kwangu mwenyewe nisisikike.

Kamanda wangu aliniita ofisini. Hakutaja video. Alisema kuna mshauri nasaha kwenye kliniki moja, ameshawaona watu wengine wa kazi yetu, na kwamba kwenda kwake si adhabu. "Lakini mpaka yeye aseme uko sawa," akaongeza, "kwenye gari hupandi."

Kliniki iko ghorofani, si mbali na Kariakoo. Mlango wake umeandikwa Afya ya Akili kwa herufi kubwa kuliko zinavyohitajika, na benchi la kusubiri linatazama ngazi, mahali ambapo kila anayekwenda kung'oa jino mlango wa pili lazima akuone. Siku ya kwanza kabisa alipita mteja wa mke wangu, akaniamkia, akaniuliza naumwa nini. Nikashika shavu. "Jino," nikasema.

Mshauri alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alisimama nilipoingia, akasema shikamoo. Nikasema marahaba, na papo hapo nikajua sitamwambia kitu. Mtoto aliyekuamkia huwezi kumvulia nguo. Kwa hiyo nilimpa taarifa za kikazi: nalala vizuri, nakula vizuri, nina majukumu mengi, siku ile ya sendofu sukari ilishuka. Alisikiliza. Hakunibishia wala hakunipa dawa. Wiki zikawa zinapita namna hiyo, na nyumbani nililalamika kwamba huyo daktari anauliza maswali tu, kama karani wa sensa.

Siku moja alikuwa amechelewa kula, na hotipoti yake ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa pilau ya nyama. Nilikaa kwa adabu, nikajibu swali la kwanza, kisha nikainuka bila kuaga nikaenda dirishani. Mikono nikaitia mifukoni. Alibeba hotipoti akaitoa nje, akarudi, akafungua dirisha la pili, akaomba radhi. Hakurudi nyuma ya meza yake. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kile cha upande wangu.

"Ni nyama, baba?" akauliza.

Nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu aliuliza kwa sauti ya chini sana, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Nilimwambia habari ya moto mmoja wa mchana, Ijumaa, kwenye ghorofa la mtaa wa ndani Kariakoo. Chini maduka, juu vyumba walivyofanya stoo, na baadhi ya watu walilala humo. Ngazi zilikuwa zimejaa marobota, madirisha yana grili. Gari letu lilikwama kati ya mikokoteni na meza za wamachinga, na tulipofika umati ulitutukana, mtu akaturushia chupa. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nilikuwa kwenye korido ya chini navuta mpira wa maji, barakoa sijaivaa bado, nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma. Nikadhani kuna mtu wa mishkaki amekimbia akaacha jiko lake. Na mate yakanijaa mdomoni.

"Nilimeza, mwanangu," nilimwambia. "Kabla sijajua. Nilitamani, nikameza mate."

Halafu nikapanda juu. Nyuma ya mlango wa grili kulikuwa na watu. Hapa sitasema zaidi, na kwake pia sikusema zaidi.

Akaniuliza nilipojua ile harufu ni ya nini, nilikuwa nimeshafika wapi. Nikasema katikati ya ngazi.

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kupanda."

"Pua ilikuwa na njaa, baba. Pua haijui chochote. Wewe ulipojua, ulipanda." Kisha akasema kwamba mimi si wa kwanza kumwambia habari ya mate. Si kutoka kituo changu, akasema, lakini si wa kwanza.

Sikumwamini. Nilidhani ananipoza. Nikalia, mbele ya mtoto, kwa sauti mbaya kama ya mtu anayetapika, na yeye akageuza uso akatazama paa za mabati za sokoni mpaka nilipomaliza. Watu husema ukishalitoa jambo kifuani unakuwa mwepesi. Mimi sikuwa mwepesi. Nilishuka zile ngazi nikiwa na aibu mbili, ile niliyokuja nayo na ile ya kuisema.

Alinishauri nimwambie mke wangu. Ilinichukua muda. Mwishowe nilimwambia dukani, wakati anakunja vitenge ili afunge, nikiwa nimempa mgongo vilevile kama kule kliniki, kwa sababu ndiyo njia pekee niliyokuwa nimejifunza. Nilipomaliza, alikuwa ameacha kukunja.

"Kumbe muda wote huo nakutafutia mbegu za maboga," akasema.

Hicho ndicho alicholilia, zile mbegu. Kisha akauliza zile asubuhi za mwanzo, alipokuwa bado akichemsha supu ya ng'ombe, nilikuwa najisikiaje. Nikamwambia nilikuwa natoka nje kujifanya naangalia matairi ya gari. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema nimemfanya apike adhabu yangu kwa mikono yake bila kumwambia. Siku iliyofuata, bila kuniuliza, alimpigia mshenga na kumweleza ukweli wote: hakuna malaria, hakuna jongo, mume wangu ameumizwa na kazi na anatibiwa. Mimi ningependelea malaria.

Baba wa bwana harusi alikuja peke yake. Ni mtu mzima kuliko mimi, mkulima wa korosho aliyehamia mjini kwa watoto wake. Safari hii sikujificha, ingawa sikuweza kumtazama usoni, nikikumbuka mkewe alivyogeuka mweupe. Nilianza kuomba radhi, akaniinulia mkono. Alisema mdogo wake alirudi kutoka jeshini, akawa hawezi kusikia kinu kikitwangwa. Kijiji kizima kinatwanga, yeye anakimbilia porini. Nyumbani walimfunga kamba.

"Tulikuwa hatujui," akasema. "Alifia kwenye kamba zetu. Nyinyi mmempeleka mgonjwa wenu hospitali. Hicho ndicho nilichotaka kujua."

Akanywa chai yake, akaomba kikombe cha pili, tukazungumzia bei ya korosho.

Na binti yangu naye. Yeye alipita nyumbani Jumapili moja akitoka kuchukua gauni kwa fundi, akanikuta barazani. Alisema kinachomwumiza si gauni. Kinachomwumiza ni kwamba kazini wakimwonyesha ile video anacheka nao, na baadaye anaingia chooni kuona aibu kwamba amemcheka baba yake. Nikamwambia acheke tu. Mimi mwenyewe nilicheka na wajomba zake kuhusu jongo ambalo sikuwa nalo.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Siku ile ulinishika mimi kabla ya wote. Ulijua ni mimi?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa anangoja ndiyo, nilimwona. Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya ndani ya nyumba ile.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikukujua. Nilikuwa namtoa mtu."

"Sawa, baba," akasema. Akaingia ndani kumsaidia mama yake vyombo. Hatujalizungumza tena, na sijui amelihifadhi wapi.

Harusi ilifanyika. Nilimpeleka hadi madhabahuni, na kwenye sherehe nilikaa hadi chakula kilipoanza kupakuliwa, kisha nikatoka uani kama tulivyokubaliana. Baba mkwe wake akanifuata na soda mbili. Ndani walicheza, nje tulikaa.

Kazini nilihamishiwa ukaguzi. Nazunguka Kariakoo na Gerezani kwa miguu, napanda ngazi za maghorofa, nawaambia wafanyabiashara waondoe marobota njiani na wafungue grili. Baadhi wananifahamu kwa ile video na wanagusana viwiko. Kuna siku king'ora cha gari letu hupita mtaani nikiwa nimesimama kwenye duka la mtu nakagua nyaya, vijana wangu wako ndani ya lile gari, na mimi nageuza uso nitazame ukuta mpaka sauti ipotee. Kwa mshauri bado nakwenda. Kamanda ameshaletewa jibu kwamba naendelea vizuri, lakini kwenye gari sijaomba kurudi.

Juzijuzi nikiwa Gerezani, kwenye karakana za mafundi, alinijia dereva wa zamu yangu ya zamani. Ni mtu wa maneno makali. Nilishasikia kwamba ndiye aliyekuwa akiigiza kituoni namna nilivyoruka meza. Alizungumza habari za mpira, za foleni, za bei ya tairi, halafu akauliza, macho yakiwa kwenye spana za watu, yule mshauri anapatikana siku zipi. Kuna ndugu yake anamhitaji, akasema. Nikamwambia siku zenyewe. Hakuondoka. Baadaye akasema huyo ndugu hatakwenda peke yake.

Nikaenda naye. Tulikaa kwenye lile benchi, watu wa meno wakipanda na kushuka, yeye ameinamisha kofia hadi kwenye nyusi. Mikono yake, ambayo nimeiona ikipitisha lori la maji kwenye vichochoro ambavyo bajaji huogopa, ilikuwa inakamuana mapajani. Aliniuliza aanze kusema nini.

"Atakuamkia," nikamwambia. "Wewe itikia, halafu kaa."

Mlango ukafunguliwa. Yule mshauri akasema shikamoo, na yule dereva akasimama kama amesimamishwa gwaride, akavua kofia, akaitikia kwa sauti ndogo. Akaingia. Nikaichukua kofia yake, maana alikuwa ameiangusha chini ya benchi, nikaipangusa vumbi.